Robine Mbili, Bomba Moja: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Haut-Katanga

Kwa Bwana Gavana wa Jimbo,
Kwa Bwana Waziri wa Jimbo anayeshughulikia elimu,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo,
Kwa wakaguzi wa shule na wakaguzi wa kazi,

Jambo yenu, Waheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita huku Katuba, kata ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo. Nimeshika chaki miaka 22, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwenu isiyohusu mshahara. Ya mshahara nitawaandikia siku nyingine.

Leo naandika kwa ajili ya shairi la mistari 15 kuhusu robine mbili, yaani koki za maji. Liliandikwa na mwanafunzi wangu, msichana wa miaka 11, na lilikuwa lisomwe siku ya proklamasyo, ile ya kutangaza matokeo, mwanzoni mwa Julai, mbele ya wazazi na wageni. Halikusomwa. Siku mbili kabla, nililetewa ratiba mpya, na pale palipokuwa na jina lake paliandikwa "Wimbo wa kuwashukuru wafadhili". Sikuulizwa. Yeye naye hakuulizwa. Alikuwa ameshalikariri, mama yake ameshamsuka nywele.

Shairi lenyewe lilizaliwa Novemba, tulipofika kwenye somo la mashairi. Vitabu vyetu ni vichache, na mashairi yaliyomo ni ya theluji na majani yanayoanguka, mambo ambayo mtoto wa Katuba huyasoma kama habari za mwezini. Nikaamua kuwasimulia shairi moja la Marekani. Langston Hughes, mshairi Mweusi, alilichapisha mwaka 1942. Mtoto mweusi amefika kwenye uwanja wa michezo, mbele ya manezhi, ile bembea ya farasi wa mbao inayozunguka. Ametoka majimbo ya Kusini, ambako sheria zilizoitwa Jim Crow zilitenga watu kwa rangi: kwenye treni Weusi wana behewa lao, kwenye basi wanakaa nyuma. Sasa anataka kupanda farasi, lakini hajui apande yupi, kwa sababu kitu kinachozunguka hakina nyuma. Basi. Shairi linaishia kwenye swali la mtoto, na hakuna mkubwa anayejitokeza kulijibu. Huko Marekani jibu la mabasi lilikuja miaka 14 baadaye, mwaka 1956, baada ya watu Weusi wa mji wa Montgomery kutembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima badala ya kukaa nyuma.

Nilichora duara ubaoni nikauliza: nyuma ni wapi? Darasa lina watoto 58, vidole vikaelekea pande 58. Mmoja akasema nyuma ni pale kwenye farasi aliyevunjika mguu. Kijana mwingine, wa dawati la mwisho, akasema, "Nyuma ni inje, Metre, kwa ule hana makuta." Metre ni mwalimu, makuta ni pesa. Tulicheka wote, nami nikacheka, ingawa baadaye nikiwa njiani kurudi nyumbani sikuona tena cha kuchekesha.

Nikawapa kazi: kila mmoja aandike shairi kuhusu swali alilowahi kulimeza. Wakaniuliza, kwa lugha gani? Nikawajibu, kwa ile mnayoota nayo ndoto.

Mengi yalikuwa ya viatu, ya mama wa kambo, ya kaka anayepewa kipande kikubwa cha nyama juu ya bukari, yaani ugali. Mvulana mmoja mwenye ualbino aliandika kwamba akipita soko la Kenya, kata jirani ya hapa mjini, watu humwita Muzungu, wakacheka, wakamshika ngozi. Naye akaongeza chini ya ukurasa kwamba kama kweli ni Muzungu, basi wampe na mshahara. Huyo atakuwa mbunge, nawaambia.

Kisha nikafungua daftari la yule msichana. Nalinakili hapa kama alivyoliandika, bila kugusa herufi ("fasi" ni mahali).

Robine iko mbili,
bomba iko moja.
Nilifwata bomba na macho:
inatoka ku tanki,
inapita chini ya ukuta,
kisha inajigawa.
Huku friji, kule jua.
Papa alisema: ya kwetu ni hii.
Nikauliza maji:
weye ulijua namna gani
nani atakukunywa?
Maji ilinyamaza.
Nikakunywa ya moto.
Siku nitakuwa mukubwa
nitakunywa fasi yote.

Kampuni ya migodi yenye robine hizo sitaitaja. Baba wa mtoto alikuwa kibarua wa migodini, ameajiriwa na wakala anayeikodishia kampuni kubwa watu, si na kampuni yenyewe. Mwezi wa Oktoba familia za wafanyakazi zilialikwa kutembelea kiwanda. Mnajua jua la Oktoba hapa Lubumbashi, mvua ikiwa bado inajivuta na vumbi jekundu limelala hadi kwenye kope. Mtoto alishikwa na kiu, akaelekea robine ya kwanza aliyoiona, ile iliyo chini ya kibanda cha bati. Baba yake akamvuta mkono.

Robine hizo nimeziona mwenyewe, mwezi wa Machi, siku walimu tulipopelekwa kuchukua madawati. Ya kibandani imeunganishwa na mashine ya kupoza, na pembeni kuna vikombe vya karatasi vimepangwa. Ya pili iko hatua kama 12 kutoka hapo, imetokeza ukutani upande wa jua, na imefungiwa kwa kamba kopo la maziwa ya unga ambalo kila mtu hunywea. Nilifuata bomba kwa macho kama mwanafunzi wangu alivyofanya. Ni kweli, ni moja. Linajigawa kwenye kiungo cha shaba chenye ukubwa wa ngumi. Shaba ya kwetu, nadhani.

Nilitafuta kibao, sikukiona. Marekani ya zamani waliandika juu ya robine: hii ya weupe, hii ya weusi. Huku hakuna kilichoandikwa popote, na hakuna anayekosea robine.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, hiyo si rangi, hiyo ni cheo. Nilijiuliza hilo kabla yao. Na niseme ukweli wote, nilimwona mhandisi mmoja Mkongomani akinywa kibandani. Lakini nilimwona pia fundi wa kuchomelea aliyetoka ng'ambo, kijana tu, amevaa ovaroli sawa na ya fundi wetu, wamekaa kwenye chuma kimoja wakichomelea kiungo kimoja. Kengele ya saa sita ilipolia, mmoja akaenda kulia na mwingine kushoto, kila mtu bila kufikiri. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inasema kazi ikiwa sawa, na ufundi sawa, mshahara uwe sawa bila kujali mtu ametoka wapi. Hapo maji hayakutajwa. Huenda walioitunga hawakudhani kwamba ingebidi yatajwe.

Sasa kuhusu proklamasyo. Sababu ya kwanza niliyopewa ya kuliondoa shairi ni lugha: eti si Kiswahili sanifu. Hilo ni kweli, ni Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho nyinyi Waheshimiwa huja nacho kuomba kura Katuba na Kenya, na sijawahi kuona mtu anawarekebisha sarufi jukwaani. Katiba yetu inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, bila kusema cha mtaa gani. Sababu ya pili ndiyo ilikuwa yenyewe: wageni kutoka kampuni watakaa mstari wa mbele, wametupa madawati 120 na mabati ya madarasa mawili, si vizuri kuwaaibisha.

Simchukii aliyeniambia hayo. Ana shule yenye paa linalovuja na choo kimoja kwa watoto mia kadhaa. Mimi ningekuwa kwenye kiti chake huenda ningetetemeka vilevile. Madawati ni mazuri, watoto wameacha kuandikia magotini. Lakini Waheshimiwa, nyinyi mnaijua sheria kuliko mimi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaitaka kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na inaitaka isaini na jamii hizo daftari la ahadi. Basi dawati la shule likitoka kwenye fungu hilo ni deni linalolipwa. Mtu akikulipa deni unampa risiti. Sisi tulimpa na ulimi wa mtoto juu yake.

Baba yake alinijia kabla ya hapo, jioni ya Januari, amevua kofia kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa amesikia kwamba shairi la binti yake linasifiwa. Aliniomba nilifiche. "Metre, mtoto anasema ukweli, lakini ule ukweli ndiyo unatupatiaka bukari." Nikamwahidi sitasema jina. Kisha akakaa kimya kitambo, akaniambia jambo ambalo silisahau: kwamba siku ile hakuna aliyemkataza. Hakuna mlinzi aliyepiga kelele. Ni mkono wake mwenyewe uliomvuta mtoto. Alilisema hilo akiutazama mkono wenyewe.

Mkataba wake uliisha mwisho wa Julai na haukuongezwa. Sisemi ni kwa sababu ya shairi. Shairi halikusomwa, na vibarua wengi mikataba yao iliisha mwezi huo. Nasema tu kwamba ni yeye aliyekuja tena kwangu Agosti kunipa ruhusa ya kuandika barua hii, mradi majina yabaki nyumbani.

Mkono ule haukujifunza kuvuta peke yake. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi kwa Mbelgiji, enzi mji huu ukiitwa Elisabethville. Wazungu walikaa mjini, Weusi walikaa cité, mtaa waliotengewa, ile iliyokuja kuitwa Commune Albert na leo ni Kamalondo, na katikati waliacha ukanda mtupu walioutaja kwenye ramani kuwa "zone neutre", eneo lisilo la upande wowote. Walieleza kwamba ni kwa ajili ya malaria, ili mbu aliyemuuma Mweusi achoke kabla ya kumfikia Mzungu. Mbu wa Lubumbashi sidhani kama walionyeshwa ramani hiyo. Ikifika saa tatu usiku babu alitakiwa awe ameshavuka ukanda huo kurudi kwao, au awe na karatasi ya bwana wake mfukoni. Alipokuwa mzee kabisa, nchi imeshapata uhuru siku nyingi, tukiwa naye mjini jioni alikuwa akianza kuhangaika, anapapasa mfuko wa shati. Tulimcheka. Hatukujua anatafuta nini.

Na mji huu una tarehe ambayo watoto wangu hawaikuti kwenye vitabu vyao: 9 Desemba 1941. Wafanyakazi Weusi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, waligoma wakidai mshahara, wakakusanyika uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akisema kwa niaba yao. Miezi michache baadaye, mwaka 1942, mshairi wa mbali anachapisha swali la mtoto na farasi wa mbao. Huwa nawapa wanafunzi wangu tarehe hizo mbili kwa pamoja, wanaziandika ukurasa mmoja.

Ikiwa mnaona nakuza jambo dogo la robine, tazameni kilichotokea Brussels tarehe 2 Desemba 2024. Mahakama ya rufaa iliiona dola ya Ubelgiji na hatia ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walioshtaki walikuwa wanawake watano, mabibi wa zaidi ya miaka 70. Walipokuwa watoto wadogo, hapa kwetu Kongo, serikali ya kikoloni iliwatoa mikononi mwa mama zao na kuwapeleka kwa watawa, kwa kosa moja tu: mama mweusi, baba mweupe. Rangi yao ilivuruga daftari la wenye kutawala. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji alikuwa ameshaomba msamaha bungeni, lakini mabibi hao walitaka jibu, si pole. Walilipata baada ya miaka 70 hivi. Mama zao walikuwa wameshazikwa.

Mwanafunzi wangu ana miaka 11. Mimi sitaki ajibiwe swali lake akiwa na 80.

Wala msiseme hatuna sheria. Tunayo tangu tarehe 7 Juni 1966, ordonansi-sheria namba 66-342, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Kwenye kabati za mahakama zetu naamini ipo, nakala safi, haijakunjwa kona. Na kwa kuwa nimetaja ukabila: ndani ya mji huu kuna wazee waliofukuzwa na kupandishwa treni kwa nguvu mwaka 1992 na 1993 kwa sababu tu asili yao ni eneo la Kasai, wengine wakiwa hawajawahi hata kuiona Kasai. Watoto wao wamo darasani mwangu. Kwa hiyo ninaposema rangi simnyooshei kidole Mzungu na Mchina peke yao huku nikificha mkono wangu mwingine mgongoni. Tulikuwa na robine zetu pia.

Ninachoomba si kikubwa. Bwana mkaguzi wa kazi aende kwenye viwanda vinavyozunguka mji huu, mchana wa jua, bila kupiga simu kabla, aombe maji ya kunywa, na aangalie ataelekezwa upande gani kabla hawajajua yeye ni nani. Kisha afuate bomba. Kuunganisha robine ya pili na mashine ileile ya kupoza ni kazi ya nusu siku. Nimemuuliza fundi bomba wa mtaa wetu, akanicheka kwamba hata nusu siku ni nyingi.

Bwana Waziri, nakuomba barua fupi kwa wakuu wa shule, mistari minne inatosha, kwamba ratiba ya siku ya watoto isibadilishwe kwa kuogopa mgeni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ndani yake mtoto ana haki ya kusema anachofikiri na kusikilizwa. Haisemwi "isipokuwa mfadhili akiwepo".

Na nyinyi Wabunge, jengo mnaloketi, Jengo la 30 Juni, kabla ya kuwa bunge lilijengwa miaka ya 1950 kuwa teatre ya mji. Ni ukumbi uliotengenezwa makusudi ili sauti ya mtu mmoja asimamaye mbele ifike hadi kiti cha mwisho bila kupaaza. Tarehe 20 Novemba ni siku ya watoto duniani. Mpeni mtoto huyu dakika mbili. Shairi lake linachukua chini ya dakika moja, nimelipima. Ile nyingine ni ya kutembea kutoka mlangoni.

Yeye sasa yuko darasa la saba, shule nyingine, anavaa soksi ndefu. Jumapili iliyopita nilimkuta nje ya kanisa nikamwambia ninataka kuwaomba wakubwa asome shairi lake mule ndani. Sikutaka kumpa matumaini ya bure, nikasema "labda" mara tatu. Alifikiri kidogo, akavuta soksi moja iliyoshuka.

"Metre," akaniuliza, "na kule robine iko ngapi?"

Miaka 22 ya ualimu, sikuwa na jibu. Sijawahi kunywa maji humo.

Ni mimi,
mwalimu wa darasa la sita,
Katuba, Lubumbashi